"Ayo, wametuficha nini kingine?"

WAZAZI hujiandaa kwa mambo mengi. Hujiandaa kwa ada, hujiandaa kwa siku mtoto atakapoleta mchumba, hata kwa siku atakapoomba shamba lake. Jambo ambalo wengi hawajiandai nalo ni mtoto waliyemlea kanisani wenyewe, aliyekuwa akitumikia altareni, kusema siku moja kuwa haoni tena sababu ya kwenda misa. Likiwafika hilo, wengi hugomba. Waliobaki hulia.

Mama mmoja wa Gitting, wilayani Hanang, lilimfika Krismasi ya mwaka 2024. Halikuletwa na mhubiri wa dini nyingine wala rafiki mbaya. Lililetwa na filamu.

Gitting iko chini ya Mlima Hanang, mahali pa baridi na ukungu, ambako Wairaqw na Wabarabaig wanaishi jirani na watu hulima mahindi, maharage na ngano na kufuga ng'ombe. Wakatoliki wa huko wako katika Jimbo la Mbulu. Mama huyu ni mwanachama wa WAWATA na mumewe ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Mtoto wao wa pili anasoma chuo Dodoma, na ndiye aliyerudi likizo na kompyuta yenye filamu nyingi alizogawiwa na wenzake.

Kwa mama huyu, filamu ya Yesu ilikuwa ni kama mahubiri. Akiwa binti aliiona ile wanayoiita sinema ya Yesu, iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka na kuzungushwa vijijini kwa gari na jenereta. Watu walijaa kiwanjani usiku, na misumari ilipogongwa wanawake walilia kwa sauti. Kwa hiyo kijana aliposema ana filamu inayomhusu Yesu na Maria Magdalena, mama alivuta kigoda akakaa karibu. Alikuwa na sababu nyingine ya kukaa: Maria Magdalena ndiye somo wake. Alibatizwa kwa jina hilo.

Filamu ilikuwa The Da Vinci Code. Kijana alimtafsiria mama yake huku ikiendelea.

Inasema nini

Hadithi hiyo ilianza kama riwaya ya Dan Brown wa Marekani, iliyotoka mwaka 2003 na kusomwa dunia nzima. Mwaka 2006 Ron Howard aliifanya filamu, na Tom Hanks akaigiza profesa anayefukuzwa na polisi wa Paris usiku kucha akitafuta siri ya kale. Siri yenyewe ni kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena, wakapata mtoto wa kike, na Kanisa likaficha habari hiyo kwa uongo na kwa damu.

Ilipotoka ilizua kelele nyingi. Samoa na Pakistan ziliipiga marufuku. Askofu mkuu mmoja wa Vatican aliwataka Wakatoliki waisusie. Shirika la Opus Dei, ambalo katika hadithi limefanywa kundi la hila na mauaji, lilichukua njia nyingine: lilifungua milango na kuwaalika watu waje waulize. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua shirika hilo kwa Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi. Halina watawa, wakati muuaji wa kwenye filamu ni mtawa wa Opus Dei.

Muuaji huyo ndiye aliyemshtua mama kwanza, kabla ya habari ya ndoa. Ni mtu mwenye ualbino. "Huyu ndiye anaua?" aliuliza. Hilo halikumwingia akilini. Mwaka huohuo, Mei 2024, mtoto wa kike mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na Juni mwili wake ukapatikana. Tanzania nzima inajua nani anawindwa na nani anawinda. Mama akamwambia kijana kwamba aliyetunga hadithi hii pengine hajui kila kitu anachokisema.

Kisha wakafika mahali mzee mmoja tajiri, mtaalamu wa mambo ya kale, anapoieleza siri yenyewe. Kijana alitafsiri polepole. Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza nusunusu, akasimama.

"Zima hicho kitu. Hakitazamwi tena katika nyumba hii."

Kijana alizima bila kujibu. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Ya pili yake pia hakwenda. Mama alipomuuliza, alijibu kwa upole, naye mama baadaye alisema afadhali angejibu kwa jeuri.

"Ayo," alisema, kama Wairaqw wanavyowaita mama zao, "kama walituficha hili, wametuficha nini kingine?"

Daftari la mambo matano

Mama hakumjibu siku hiyo. Alichukua daftari la mdogo wake lililobaki kurasa, akampa kijana, akamwambia aandike kila jambo ambalo filamu imesema kuwa ni kweli, moja baada ya jingine. Yakawa matano. Halafu akampigia paroko, akamwomba nafasi ya kukaa naye, siyo ya kumsemea kijana. Padre aliwapa jioni mbili.

La kwanza lilikuwa picha. Filamu inasema mtu aliyekaa kando ya Yesu katika picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci ni mwanamke, ndiye Magdalena. Padre alitoa nakala ya picha hiyo akamwambia mama ahesabu. Mama akahesabu: watu 13, Yesu na 12. Kama mmoja ni Magdalena, Yohane yuko wapi? Wachoraji wa enzi hizo walizoea kumchora Yohane kama kijana asiye na ndevu. Zaidi ya hapo, Leonardo alichora ukuta ule Milano kati ya mwaka 1495 na 1498, zaidi ya miaka 1,400 baada ya karamu yenyewe. Hakuwepo. Picha yake inaweza kutueleza mawazo ya Leonardo, haiwezi kuwa shahidi wa usiku ule.

La pili, kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kura ya maaskofu huko Nikea mwaka 325. Mtaguso wa Nikea ulikuwepo kweli, na ugomvi ulikuwepo kweli, lakini Wakristo hawakusubiri hadi siku hiyo. Yapata mwaka 112 mtawala wa Kirumi aitwaye Plinio alimwandikia Kaisari Trayano kuwa Wakristo wa eneo lake hukusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo hakuwa Mkristo, wala hakuwa na sababu ya kuwapendelea. Tena kura ya Nikea haikuwa ya kukaribiana kama hadithi inavyodai: kati ya maaskofu wapatao 300, ni wawili tu waliokataa hadi mwisho.

La tatu, chama cha siri kinachodaiwa kulinda uzao wa Yesu tangu enzi za Vita vya Msalaba. Chama chenye jina hilo kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard, na hati zake za "kale" zilikuwa za kughushi, zikapelekwa Maktaba ya Taifa ya Paris ili zionekane za kweli. Hapa kijana mwenyewe alicheka. Alisema hata Dodoma kuna watu wa kuuza hati za viwanja namna hiyo.

La nne lilichukua muda. Filamu inataja Injili ya Filipo, inayomwita Magdalena mwenzi wa Yesu na kusema alikuwa akimbusu. Kitabu hicho kipo. Kilifukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, pamoja na maandiko mengine. Lakini kimeandikwa kwa Kikopti, wataalamu wengi wanakiweka karne ya pili au ya tatu, na mahali panapozungumzia busu karatasi imetoboka, maneno hayapo. Neno "mwenzi" pale linaweza kuwa mshirika au mfuasi wa karibu. Padre hakusema haiwezekani kabisa limaanishe mke. Alisema tu kwamba huwezi kujenga ndoa juu ya tundu la karatasi.

Akaongeza jambo ambalo kijana aliliandika na kulipigia mstari. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, anatetea haki ya mtume kusafiri na mke. Anawataja kama mfano mitume wengine, ndugu za Bwana, na Petro. Aliandika yapata mwaka 55, miaka isiyofika 30 baada ya Yesu kusulubiwa, wakati watu waliomjua Yesu walikuwa bado hai. Kama Yesu alikuwa na mke, huo ungekuwa mfano wa kwanza kuutaja. Paulo hakuutaja.

Jambo la tano

Lililobaki kwenye daftari lilikuwa moja: kwamba Kanisa lilimchafulia jina Maria Magdalena kwa kumwita kahaba.

Mama alitegemea padre atalifuta kama yale mengine. Padre akasema hilo ni kweli.

Hakuna mahali popote katika Injili panaposema Magdalena alikuwa kahaba. Luka, sura ya nane, anasema alitolewa pepo saba, na kwamba yeye, Yoana, Susana na wanawake wengine walimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wenyewe. Mwaka 591, katika mahubiri, Papa Gregori Mkuu alimuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa sura ya saba, asiyetajwa jina, pamoja na Maria wa Bethania, akawafanya watatu kuwa mtu mmoja. Kanisa la Magharibi likafuata hivyo kwa karibu miaka 1,400. Kalenda ya liturujia iliyorekebishwa mwaka 1969 iliwatenganisha. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, daraja moja na sikukuu za mitume.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Tangu shuleni alikuwa ametaniwa kwa jina hilo. Kila Kwaresima alisikia mahubiri juu ya kahaba aliyetubu akainamisha kichwa. Alipoolewa, wifi mmoja aliuliza mbele ya watu kama hakukuwa na watakatifu wengine siku aliyobatizwa. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba somo wake ni mtakatifu wa aibu.

"Mbona hamkutuambia?" alimuuliza padre.

Padre alisema walisema, lakini hawakusema kwa nguvu ileile waliyotumia kusema lile kosa. Hakuongeza kitu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, kijana alidhani mama yake sasa ataisifu filamu. Kumbe alikuwa na lake la kuidai. Filamu inamwonea huruma Magdalena, alisema, halafu inamrudishia heshima kwa kumpa mume. "Yaani asipokuwa mke wa mtu si kitu?" Katika Injili ya Yohane mwanamke huyo anasimama msalabani wakati wanaume wengi wamekimbia. Asubuhi ya Pasaka yeye ndiye wa kwanza kumwona Bwana, na anatumwa akawaambia wengine. Luka anasema mitume walidhani wanawake wale wanasema upuuzi. Kwa mama wa Gitting, aliyezoea vikao ambako neno la mwanamke hupokelewa likisharudiwa na mwanamume, hapo hapakuhitaji tafsiri.

Swali lililokuwa chini

Mtu angetegemea mambo yaishie hapo. Manne ya uongo yameanguka, moja la kweli limekubaliwa. Jumapili iliyofuata kijana alibaki nyumbani tena.

Siku moja alasiri, wakichagua maharage uani, mama alimuuliza bila kumtazama: ni nini hasa?

"Ayo, mimi sikusumbuliwa na Magdalena."

Kilichomsumbua kilianza Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Asubuhi ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Miongoni mwao alikuwa mama yake mdogo na watoto wake wawili. Kijana alishuka Katesh kwa miguu na wenzake, wakachimbua kwa majembe na kwa mikono. Mkubwa wa wale watoto alimpata yeye.

Msibani alisikia mengi. Mmoja alisema ni mpango wa Mungu. Mwingine akasema mji ulikuwa umezidi dhambi. Baba yake mwenyewe, akiongoza sala ya jumuiya, alisema Mungu huchuma maua mazuri bustanini mwake. Kijana hakubishana na mtu. Alirudi chuoni akakaa nalo mwaka mzima. Filamu iliposema wakubwa wa dini wanajua jambo na wanalificha, ilimpa maneno ya kitu alichokuwa nacho tayari.

"Jina lako walilikosea miaka zaidi ya elfu moja," alisema. "Halafu wana uhakika kwa nini mama mdogo alikufa?"

Mama aliacha maharage. Hakuwa na daftari la jambo hili. Alimwambia kweli: "Sijui, mwanangu. Na baba yako hajui. Aliyesema anajua, alisema kwa sababu kunyamaza kulimtisha."

Kisha akamweleza ambalo hakuwa amemweleza mtu. Baada ya kumzika mdogo wake alikaa miezi mitatu bila kusali rozari. Alikwenda WAWATA, akakaa na wenzake, midomo ikitembea na moyo umefunga. Kilichomrudisha hakikuwa jibu. Alikumbuka kwamba Magdalena naye alikwenda kaburini kungali giza, akilia, akitafuta mwili tu aupake manukato. Hakwenda na imani yoyote ya kuonyesha watu. Alikwenda kwa sababu alimpenda aliyekufa.

Kijana alilia. Tangu Katesh hakuwa amelia.

Baba alilisikia hilo kwa mkewe usiku. Hakusema mengi, kwa kuwa si mtu wa mengi. Katika jumuiya ya wiki iliyofuata aliombea marehemu wa Desemba 2023 kwa majina, wale wa familia yake na wa majirani, na safari hii hakueleza kwa nini walikufa. Siku mbili baadaye alimwambia kijana kuwa filamu ile, kama anataka, wanaweza kuimalizia. Waliimalizia. Baba alisinzia kabla ya mwisho.

Kwa wazazi

Watoto wetu wataona filamu hizi. Hii ina karibu miaka 20 na bado inatembea kutoka simu moja hadi nyingine, na nyingine zinakuja. Hakuna mlango wa nyumba unaozizuia. Mzazi anayesema "zima" anazima kioo tu, na swali linahamia mahali ambapo yeye hayupo.

Mambo matatu aliyoyafanya mama huyu yanaweza kufanywa na mzazi asiye na elimu kubwa. Pasipo kweli alisema si kweli, tena baada ya kutafuta, si kwa hasira. Palipokuwa na kweli alikubali, ingawa ilimuuma na iligusa Kanisa analolipenda. Pasipo na jibu alisema sijui, akabaki amekaa. Mara nyingi mtoto hupima mawili ya kwanza kwa hilo la tatu. Mzazi asiyewahi kusema sijui, mtoto humwona kama anayeficha, hata anapokuwa mkweli.

Inafaa pia kumuuliza mtoto ni nini hasa. Mara nyingi filamu si chanzo. Kuna msiba, kuna kiongozi wa dini aliyemvunja moyo, kuna sala iliyopigwa ikanyamaziwa. Ukibishana na filamu peke yake unaweza kushinda hoja zote tano na bado ukampoteza mtoto.

Kijana wa Gitting alirudi Dodoma. Hajasema kwamba amerudi kanisani, na mama yake ameamua kutomuuliza kila anapopiga simu. Tarehe 22 Julai mwaka uliofuata simu ililia mapema, kabla mama hajatoka kwenda misa.

"Ayo, heri ya somo wako," alisema. "Yule aliyetumwa."

Mama alimshukuru, akamuuliza kama amekula.